Nimeijaribu websaiti ya kutafuta pa kula na pa kunywa Lamu kabla haijatoka, na maoni yangu ni haya

Niseme mapema ili asiekuwa na wakati wa kusoma hadi chini ajue: hii websaiti ya kutafuta migahawa na baa ni kitu Lamu tunakihitaji kweli, na ikitoka vile ilivyo sasa hivi itapoteza watu. Yote mawili ni kweli. Bado haijatoka, bado ni prototaipu, yaani mfano tu, skrini zimechorwa zikaunganishwa, ukibonyeza hapa inakupeleka pale lakini nyuma yake hakuna kitu, batani zingine ukizigusa hazifanyi lolote na picha za vyakula ni za kujazia nafasi. Vijana walioichora wameileta kwa watu kabla ya kuijenga, na kwa hilo nawapa heko mwanzo kabisa kabla sijaanza kukosoa, manake mchoro kuubadilisha ni kazi ya jioni moja, lakini kitu kilichokwisha kujengwa na kulipiwa kila mtu hukitetea hata kama kimepinda.

Mie nina nyumba ya wageni Mkomani, mtaa wa hapa mjini Lamu. Swali ninaloulizwa kuliko yote, kabla hata mgeni hajafungua begi, ni "tule wapi?" na la pili yake ni "bia inapatikana wapi?" Kwa hivo hawa vijana waliponifuata wakaniomba nijaribu kitu chao na niwatafutie watu wengine wa kukijaribu sikufikiria mara mbili, nikakubali, na wakaniruhusu niketi pembeni niangalie wenzangu wakijaribu, mradi nisifungue mdomo. Walioketi ni ami mmoja mwenye mashua ya kuvusha watu Shela, kijiji cha jirani, dada anaefunza shule ya msingi, kijana anaetembeza wageni, mama anaeuza viazi vya karai na mishkaki barazani kwake jioni, bwana mmoja wa Nairobi aliekuja kupumzika, na wageni wawili wa Ulaya waliokuwa wamelala kwangu. Mchanganyiko mzuri, nadhani ndio uliofanya yatoke mengi.

Namna ya kujaribu ni hivi. Unapewa simu yenye ile prototaipu ndani, unapewa kazi, alafu unaambiwa kila unachofikiri kiseme kwa sauti. Kazi zenyewe zilikuwa za maisha ya kawaida, kwa mfano: ni saa mbili usiku, mko wanne na mmoja wenu hali nyama wala samaki, tafuteni pa kula na mfike. Nyingine: unataka kinywaji baridi ukiangalia jua likizama. Nyingine: mgeni wako kesho anataka kamba mawe, wapi atapata. Na ya wenye biashara: hii hoteli ni yako, iingize humu. Yule kijana anaesimamia hakusaidii. Ukimuuliza "sasa nibonyeze wapi?" yeye anakurudishia "ungekuwa peke yako ungebonyeza wapi?" Mwanzo inaudhi, mtu unaona kama umekaa mtihani, lakini ndio njia ya kweli manake siku websaiti itakapotoka hakuna atakaekuwa amekaa kando ya mgeni kumwonyesha.

Sasa tuingie kwenye mazuri, na zuri moja ni kubwa sana. Unaweza kutafuta kwa chakula. Hapo juu pana nafasi ya kuandika, ukiandika "pweza" inakuletea walio na pweza, ukiandika "biriani" inakuletea walio na biriani, jina la hoteli linakuja chini yake. Hivi ndivyo watu wa hapa tunavyoulizana, hakuna anaesema nataka mgahawa wa daraja fulani wenye mandhari fulani, mtu anasema leo natamani samaki wa nazi na mkate wa mofa, wapi wamepika? Kila aliejaribu hii sehemu aliipita bila kukwama, hata mama wa viazi ambae simu yake ya kila siku ni ya WhatsApp tu. La pili, kila mahali pana batani ya kupiga simu na ya WhatsApp, iko chini pale kidole gumba kinapofika, na haikutaki ufungue akaunti. Haya mawili wasiyaguse. Wakija wakubwa wa pesa wakasema wekeni akaunti kwanza ndio mtu aone namba ya simu, wakatae.

Lakini ukitoka hapo tu, mambo yanaanza kuharibika, na karibu yote yanaharibika kwa sababu moja, nayo ni kwamba aliechora alikuwa na mji mwingine kichwani.

Chukua umbali. Ami wa mashua alipewa kazi ya kutafuta pa kula Shela akiwa mjini Lamu. Akapata mahali, akafurahi, alafu akasoma chini: dakika 4 kwa gari. Akamtazama yule kijana, akamwambia "gari gani mwanangu?" Na hilo ndilo swali. Mji wa kale wa Lamu, huu ulioingizwa na UNESCO kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2001, una vichochoro ambavyo punda akiwa amebeba mawe nyie mnasimama ukutani apite kwanza. Hapa wengi huenda kwa miguu ama kwa mashua. Shela ni kama kilomita 3, ukitembea ufuoni taratibu ni dakika 40 hivi au zaidi, na hapo pia inategemea maji, yakiwa yamejaa sehemu ya ile njia hufunikwa na ukiwa na viatu vyako vizuri vya kutokea usiku hutopenda. Maji yanajaa mara mbili kwa siku na kila siku yanasogea mbele kama dakika 50, kwa hivo jana ulipita pakavu saa kumi na mbili leo saa hiyo hiyo unalowa, na bamvua, yaani siku za maji makubwa, ndio usiseme. Haya si mambo ya siri, jedwali za maji kupwa na kujaa zipo, zinajulikana mwaka mzima kabla. Websaiti inaweza kabisa kumwambia mtu: kwa miguu dakika 45, maji yatajaa saa mbili usiku, rudi kwa mashua. Sentensi moja hiyo ingekuwa na faida kuliko nyota zote walizoziweka.

Na mashua ya kurudi ndio jambo ambalo wageni wangu wananipigia simu usiku. Kwenda ni rahisi, mchana mashua zimejaa. Kurudi saa nne usiku ni kitu kingine, mashua ni chache na bei si ile ya mchana. Mtu akichagua mgahawa wa ng'ambo, kisiwa cha Manda, ama wa Shela lazima ajue hilo kabla hajaagiza chakula, si baada.

Kitu kingine cha umbali, kilichonifundisha kwamba ukweli usioelezwa unaweza kuonekana uongo: kwenye ramani palikuwa na pini moja katikati ya maji, kwenye mkondo kati ya Lamu na Manda. Wale wageni wa Ulaya walipoiona wakasema hii ni makosa, pini imeteleza, wakaipita. Bwana wa Nairobi nae akasema hivohivo. Kumbe pini ni sahihi kabisa! Kuna baa inayoelea pale, watu wanaifikia kwa mashua, ni mahali panapojulikana. Kwa hivo jambo la kweli lilionekana la uongo kwa sababu hakuna neno hata moja la kulieleza, na ubaya ukaongezeka mtu alipoibonyeza, ikamwandikia dakika 12 kwa miguu. Hapo wawili kati yao wakaacha kuiamini ramani nzima, wakaniuliza mimi. Niliwaambia vijana, hili andikeni kwa wino mwekundu. Mtu akishakamata uongo mmoja kwenye ramani, ukweli wote uliobaki nao unaingia shaka.

Ndani ya mji ramani yenyewe haitasaidia sana hata wakiirekebisha. Kwenye prototaipu ile nukta ya "uko hapa" imechorwa imetulia, inapendeza, lakini mwenye kutembea Lamu na simu anajua GPS inavyoruka ruka kwenye vichochoro, kuta ni ndefu na nene, mbingu unaiona kijistari tu juu, mawimbi ya GPS yanagonga kuta yanarudi, simu inadhani uko nyumba ya tatu. Dada mwalimu hakuitazama ramani hata kidogo. Alishuka chini moja kwa moja akitafuta kimeandikwa karibu na nini. Hakikuandikwa. Palikuwa na nafasi ya jina la barabara na namba ya nyumba, ziko tupu, manake nani Lamu ana namba ya nyumba anayoijua? Sisi tunaelekezana kwa Usita wa Mui, ile njia kuu ya mji, kwa ngome, kwa uwanja wa Mkunguni, kwa jeti, kwa misikiti, kwa duka la fulani, na mtoto wa kwanza utakaemkuta anakupeleka mlangoni. Waweke mistari miwili mitatu ya maelekezo ya namna hiyo na picha ya mlango wenyewe. Mlango, jamani, si sahani! Milango ya hapa kila mmoja una sura yake, mgeni akiuona kwenye picha anautambua.

Sasa suala la pombe, na hapa naomba nisomwe kwa utaratibu manake ni jambo ambalo watu hulipita haraka wakiogopa kulisema. Websaiti imeweka migahawa na baa ndani ya kapu moja, skrini ya kwanza imeandikwa hivo kwa herufi kubwa na alama ya glasi. Mama wa viazi alipoiona alirudisha simu mezani. Hakukasirika, alisema tu "hapa pameandikwa baa, mie sibonyezi," na kijana alipomwambia ndani kuna migahawa pia akasema huo mgahawa mbona haukuwekwa mlango wake. Dada mwalimu aliingia, lakini alikuwa anatafuta kitu ambacho hakipo: alitaka kupeleka watoto na mama mkwe mahali ambapo hapauzwi pombe, na akafungua kimoja baada ya kimoja bila kujua. Upande wa pili bwana wa Nairobi yeye alitaka bia moja tu ya jioni, nae vilevile akafungua mgahawa mmoja baada ya mwingine pale pwani, vyote vina picha nzuri za bahari, hakuna hata kimoja kinachosema kinauza au hakiuzi. Mji wa kale sehemu zinazouza pombe ni za kuhesabu na nyingi ziko ndani ya hoteli za kulala, migahawa mingi ya pwani inauza sharubati na soda basi. Kwa hivo watu wawili wenye haja zinazopingana walikwama mahali pamoja, kwa kukosa alama moja ndogo.

Dawa ni nyepesi. Watenganishe pa kula na pa kunywa pombe kuanzia skrini ya kwanza, na kila mgahawa useme wazi pombe ipo au pombe hakuna, na mtu aweze kuchuja kwa pande zote mbili. "Pombe hakuna" isiandikwe kama upungufu. Kwa familia nyingi hapa hiyo ndiyo sifa ya mahali. Na sharubati waziondoe kwenye orodha ya baa, niliona mahali pa ukwaju na embe pamewekwa pamoja na bia kwa kuwa vyote ni vinywaji, hilo halifai. Kwa upande wa baa wakumbuke pia kuna masaa ya sheria, Sheria ya Kudhibiti Vileo ya 2010 imeweka baa za kawaida ziuze kuanzia saa 11 jioni hadi saa 5 usiku siku za kazi, na kuanzia saa 8 mchana wikendi na sikukuu, na wa chini ya miaka 18 haruhusiwi. Prototaipu ilionyesha baa imefunguliwa saa nne asubuhi siku ya Jumanne. Wameweka tu namba za kujazia najua, lakini aliekuwa anajaribu hakujua, akaipangia safari.

Masaa kwa jumla ndio sehemu iliyonichosha. Kwanza namna ya kuyaandika, waligeuza kwa Kiswahili wakaandika mahali "hufunguliwa saa 7 asubuhi". Ami wa mashua akauliza kwa upole hiyo ni saa gani, manake kwetu saa saba ni mchana adhuhuri imeshaadhiniwa. Mgeni wa Ulaya nae akiona "saa 1 usiku" atasubiri usiku wa manane. Wachague, wakiandika Kiswahili wafuate saa zetu na waongeze pembeni 7:00 kwa yule mgeni, nafasi ipo. Pili, siku. Ijumaa mchana hoteli nyingi zinafunga watu waende kuswali kisha zinafungua, na Ijumaa hiyohiyo ndio siku watu wanaulizia biriani, kwa hivo ndio siku masaa yanahitajika kuliko siku zote. Tatu, Ramadhani. Mwezi mzima pengi panakuwa pamefungwa mchana na panafunguliwa magharibi, na huo mwezi unarudi nyuma kama siku 10 au 11 kila mwaka wa kizungu, huwezi kuuandika mara moja ukasahau. Ule mji wa mchana na mji wa usiku wa Ramadhani ni miji miwili, na ndio wakati vyakula vinakuwa vitamu kuliko wakati wote, futari zimepangwa njiani, mgeni asiejua anakaa na njaa chumbani akidhani hakuna kitu. Nne, msimu. Upepo wa kusi ukianza na mvua za masika, baadhi ya hoteli hasa Shela hufunga wiki nyingi, na kwenye websaiti hakuna namna ya kusema tumefunga mpaka mwezi fulani. Kuna "wazi sasa" na "imefungwa" tu.

Na kamba mawe. Ile kazi ya kamba mawe wa kesho hakuna alieimaliza, si mwenyeji si mgeni. Menyu inasema wapo. Lakini kamba wako menyuni mwaka mzima, baharini hawako mwaka mzima, bahari ikichafuka wavuvi hawatoki, na mwenye hoteli anajua asubuhi si wiki iliyopita. Kijana anaetembeza wageni alifanya kitu kizuri sana pale: hakuhangaika na menyu, alibonyeza WhatsApp akasema kwa sauti "mie ntamuuliza tu kama leo wamepata." Basi iwekwe hivo, kwenye vyakula vya bahari paandikwe uliza leo na batani iwe palepale, tayari imeshaandikwa swali. Nadhani hiyo ndio sehemu ambayo huyu kijana aliwachorea bila kujua kwamba anawachorea.

Nimekuja kwa mama wa viazi, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu nalijali. Yeye alipewa kazi ya kuingiza biashara yake. Fomu ilimtaka jina la biashara, barabara, masaa ya kufungua siku saba, aina ya mapishi ya kuchagua kwenye orodha (orodha ilikuwa na Kiitaliano, Kihindi, Kichina, vyakula vya bahari, na "vya kiasili"), na picha ya nje yenye kibao. Kibao hana. Anaweka meza yake nje baada ya alasiri, karai iko kwenye moto, jirani yake anauza bajia, mtoto anachoma mishkaki, vikiisha vimeisha anaingia ndani. Foleni yake jioni inafika kona. Aliangalia ile fomu muda, akasema "hii ni ya wenye mahoteli." Kisha akarudisha simu. Kwa hivo watu wanaolisha huu mji jioni, wengi wao kina mama, hawana mlango wa kuingilia humu, alafu tutakuja kuona websaiti imejaa sehemu zilezile za pwani ambazo kila kitabu cha watalii kinazo. Anachohitaji ni vitu vinne tu: unauza nini, unakaa karibu na nini, kuanzia saa ngapi mpaka viishe, namba ya simu. Hata sauti ingetosha, aseme kwa WhatsApp mtu aandike.

Na nyota zinazidisha hilo. Orodha inapangwa kwa nyota, na nyota zinatoka kwa watu wenye mazoea ya kuandika rivyu, yaani maoni ya waliokula, ambao ni wageni, ambao wamekula pwani. Mahali pasipo na rivyu panashuka chini kabisa penye skrini ya nne ya tano. Nimeona mahali penye rivyu mbili tu za nyota tano pamekaa juu ya kila mtu. Wapange kwa kilicho wazi sasa na kilicho karibu, nyota wazibakize ndani kwa anaetaka kuzisoma.

Madogo madogo nitayapita haraka. Bei zimeandikwa kwa alama za dola, moja mbili tatu, na wenyeji watatu waliuliza kama inabidi kulipa dola, waandike shilingi na kama kuna Lipa na M-Pesa waseme. Maandishi ni ya kijivu hafifu juu ya nyeupe, ndani ya chumba yanapendeza, tulipotoka pwani juani hayakusomeka, na kuna kipimo cha kimataifa cha hayo mambo, WCAG, kinataka maandishi ya kawaida yatofautiane na rangi ya nyuma angalau 4.5 kwa 1. Zile alama za kuchujia zimebanana, ami wa mashua ana vidole vya mtu wa kamba na makasia, kila akigusa moja inajibu ya jirani yake, na Google wenyewe wanashauri kitu cha kuguswa kiwe kama milimita 9. Alafu ile kukurupuka kuuliza lokesheni, yaani simu iseme uko wapi, kabla mtu hajaona chochote, nusu ya watu walikataa palepale, na ukikataa skrini inabaki tupu, umefungiwa nje. Kenya tuna Sheria ya Kulinda Data tangu 2019, mtu ana haki ya kuambiwa kitu chake kinachukuliwa cha nini. Waulize baadae, mtu akitaka njia, na akikataa wampe orodha ya mitaa achague mwenyewe: Mkomani, Langoni, Shela, Manda.

Kuna moja pia ambalo prototaipu haiwezi kulionyesha kabisa. Kwa kuwa skrini zimo ndani ya simu tayari, kila kitu kilifunguka papo hapo. Siku ya kweli mtu atakuwa kwenye mashua, mtandao unakuja na kutoka, bando ni la siku moja, na zile picha kubwa za bahari zitamla bando lote kabla hajaona namba ya simu. Namba na maelekezo yaje kwanza, picha zifuate.

Niseme neno kuhusu majaribio yenyewe, manake wengine watataka kufanya ya kwao. Watu wetu wana adabu. Umemwalika mtu, umempa kahawa na halwa, amekaa na kazi yako mkononi, hawezi kukuambia ni mbaya. Ami alikwama kwenye skrini moja muda mrefu na bado alipoulizwa akasema "mashallah nzuri sana, mumefanya kazi." Ukiandika alichosema umeandika uongo, uangalie kidole chake kimefanya nini. Kilichosaidia ni pale walipowakalisha mama wa viazi na dada mwalimu pamoja kwenye simu moja. Hapo ndio ukweli ulitoka, manake hawakuwa wanamwambia mgeni kitu, walikuwa wanaambizana wenyewe, "usibonyeze hapo," "kwani hii ni nini," "rudi rudi." Mengi ya niliyoandika juu yalitoka kwao wawili. Kusema ufikiriavyo peke yako mbele ya mtu usiemjua si kawaida yetu, lakini kuulizana wawili tunaweza kutwa nzima.

Na idadi. Vijana walinitajia ile hesabu maarufu ya Jakob Nielsen, mtaalamu wa kujaribu websaiti na watu, aliandika mwaka 2000 kwamba watu 5 wanatosha kuonyesha kama asilimia 85 ya matatizo. Sawa, lakini hiyo ni kwa watu wa aina moja, mwenyewe alisema makundi yakiwa tofauti unahitaji watu kutoka kila kundi. Hapa makundi ni matatu hata manne: wenyeji wanaotafuta pa kula, wageni wa Kenya, wageni wa nje, na wenye kuuza. Kikwazo cha mama na kikwazo cha bwana wa Nairobi vilikuwa kwenye skrini moja lakini si kikwazo kimoja.

Kwa sasa naipa tatu kwa tano, na hizo tatu ni za kutafuta kwa chakula, za batani ya WhatsApp, na za wao kuja kuuliza. Wamesema watarudi baada ya kuichora upya. Nyumba yangu iko wazi na watu nitawatafutia tena, ila nimewaomba mambo mawili. Raundi ya pili isifanyiwe kitini na kahawa, wafanye baada ya isha, mtu akiwa na njaa kweli, wengine wakiwa ndani ya mashua ya ami wakirudi kutoka Shela na mtandao wa hukohuko. Na ile fomu mpya ya kuingiza biashara, wa kwanza kupewa awe mama wa viazi, kabla hawajaipeleka hoteli yoyote.